Freddie Mercury

Freddie Mercury (jina la kuzaliwa: Farrokh Bulsara; Mji Mkongwe, Zanzibar, 5 Septemba 1946 – London, Uingereza, 24 Novemba 1991) alikuwa mwimbaji, mpiga piano na mtunzi wa nyimbo wa Uingereza. Anajulikana hasa kama mwimbaji kiongozi wa bendi ya muziki wa roki iitwayo Queen. Ni mmojawapo kati ya wanamuziki mashuhuri zaidi waliozaliwa katika nchi ambayo leo ni Tanzania.

Mbali na muziki, anatajwa pia katika historia ya wapenzi wa jinsia moja wa Ulaya na katika historia ya UKIMWI. Katika miaka ya 1980 aliishi kwa muda mrefu mjini München, Ujerumani, ambako alikuwa mteja wa kawaida wa baa, disko na hoteli za mashoga. Hata hivyo hakuwahi kutangaza rasmi mwelekeo wake wa kijinsia, na ugonjwa wake ulijulikana kwa umma siku moja tu kabla ya kifo chake.

Maisha ya awali

Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, Uhindi, wenye kufuata dini ya Uzoroasta. Baba yake alikuwa keshia wa Mahakama Kuu ya Zanzibar chini ya serikali ya kikoloni ya Uingereza. Farrokh alikuwa na dada mmoja mdogo, Kashmira, aliyezaliwa mwaka 1952.

Alianza masomo Zanzibar katika shule ya masista wa Kianglikana. Alipokuwa na umri wa miaka 8 hivi alipelekwa Uhindi katika shule ya bweni ya St. Peter's huko Panchgani. Huko alijifunza piano, akaanza kuitwa Freddie na kupiga muziki katika bendi ya wanafunzi iitwayo The Hectics.

Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 familia ilihamia Uingereza na kukaa Feltham, karibu na London. Freddie alisoma katika chuo cha sanaa cha Ealing, akahitimu uchoraji wa michoro ya matangazo mwaka 1969. Kwa muda alifanya kazi ya kupakia mizigo katika uwanja wa ndege wa Heathrow, tena aliuza nguo za mitumba katika soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor.

Queen

Mwaka 1970 alijiunga na Taylor pamoja na mpiga gitaa Brian May. Yeye ndiye aliyependekeza jina la Queen na kuchora nembo ya bendi. Wakati huohuo alichukua jina la Mercury. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga nao mwaka 1971, na albamu ya kwanza ilitoka mwaka 1973.

Kati ya nyimbo alizotunga ni "Bohemian Rhapsody" (1975), "Somebody to Love" (1976), "We Are the Champions" (1977) na "Crazy Little Thing Called Love" (1979). Huo wa mwisho inasemekana aliutunga akiwa anaoga katika hoteli ya Bayerischer Hof mjini München. Onyesho la Queen katika tamasha la hisani la Live Aid, kwenye uwanja wa Wembley tarehe 13 Julai 1985, huhesabiwa kati ya maonyesho bora ya jukwaani katika historia ya muziki wa roki.

Mahusiano

Kuanzia mwaka 1970 hivi aliishi na Mary Austin. Uhusiano wao wa kimapenzi uliisha katikati ya muongo huo, alipomweleza kwamba anavutiwa pia na wanaume, lakini Austin alibaki rafiki yake wa karibu hadi mwisho na ndiye aliyerithi nyumba yake ya Garden Lodge iliyoko Kensington. Tangu mwaka 1985 mwenzi wake alikuwa Jim Hutton, kinyozi kutoka Ireland, waliyeishi pamoja katika nyumba hiyo.

Sheria na mazingira ya wakati wake

Mercury alipofika Uingereza mwaka 1964, mapenzi kati ya wanaume yalikuwa bado kosa la jinai. Sheria ya mwaka 1967 iliyaruhusu katika Uingereza na Welisi kwa wanaume wawili waliotimiza miaka 21, mahali pa faragha tu. Kama mtu wa tatu yupo, mahali hapo hapakuhesabiwa kuwa pa faragha. Kwa sababu hiyo vilabu na nyumba za sauna za mashoga nchini humo ziliendelea kuwa katika hatari ya kuvamiwa na polisi.

Katika bara la Ulaya hali ilikuwa tofauti kati ya nchi na nchi. Ufaransa ilifuta kosa hilo mwaka 1791. Ujerumani Magharibi ililegeza kifungu cha 175 cha sheria yake ya jinai mwaka 1969 na tena mwaka 1973, ingawa kifungu chenyewe kilifutwa mwaka 1994 tu.

Kadiri sheria zilivyolegezwa, miji mikubwa kama Paris, Amsterdam, Berlin na München ilipata mitaa yenye baa, disko, hoteli na sauna za wanaume. Katika sauna hizo mteja hulipa kiingilio, huacha nguo zake kabatini na kupewa taulo, halafu hutumia vyumba vya mvuke, bwawa na vyumba vidogo vya kupumzika. Wengi hukutana humo kwa ajili ya mapenzi, wengine kwa mazungumzo tu. Mteja hakulazimika kutaja jina wala kazi yake, jambo lililokuwa na thamani kubwa kwa watu ambao wangeweza kufukuzwa kazi au kutengwa na ndugu zao kama wangejulikana.

München

Queen walianza kurekodi katika studio ya Musicland mjini München mwaka 1979. Mercury aliupenda mji huo, na katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 alikaa huko kwa vipindi virefu. Tofauti na London, ambako waandishi wa magazeti ya udaku walimfuata, huko aliweza kutembea usiku bila kusumbuliwa sana. Alizoea mitaa ya Glockenbach na jirani zake, kitovu cha maisha ya mashoga mjini humo. Kati ya marafiki zake wa karibu alikuwemo mwigizaji Barbara Valentin.

Mahali pamojawapo alipopapenda ni Deutsche Eiche, hoteli na mgahawa uliokuwa pia kijiwe cha mwongozaji wa filamu Rainer Werner Fassbinder. Leo jengo hilo ni maarufu kwa sauna yake ya wanaume, lakini sauna hiyo ilifunguliwa katika miaka ya 1990, yaani baada ya kifo cha Mercury.

Mjini München alirekodi pia albamu yake binafsi, "Mr. Bad Guy" (1985). Mwaka huohuo alisherehekea miaka 39 ya kuzaliwa katika klabu ya Henderson's, na picha za sherehe hiyo zilitumika katika video ya wimbo "Living on My Own". Baada ya hapo alirudi kuishi London.

UKIMWI

Ugonjwa ambao baadaye uliitwa UKIMWI ulitambuliwa na madaktari wa Marekani mwaka 1981, kwanza kati ya mashoga wa miji mikubwa. Kipimo cha damu kilipatikana mwaka 1985. Serikali kadhaa ziliamua kufunga sauna za mashoga: San Francisco ilichukua hatua mwaka 1984, na Sweden ilizipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1987 iliyofutwa mwaka 2004. Jimbo la Bavaria, ambalo mji mkuu wake ni München, lilitangaza mwaka 1987 hatua kali kuliko majimbo mengine ya Ujerumani. Sauna zilifungwa, tena upimaji ulilazimishwa kwa makundi kadhaa, wakiwemo wageni kutoka nje ya Jumuiya ya Ulaya walioomba kibali cha kuishi humo.

Wapinzani wa hatua hizo walisema kwamba kufunga milango hakuzuii maambukizi, bali huwatawanya watu na kuwaondoa mahali ambapo wangepewa kondomu na mafundisho. Pia zilijenga picha kwamba UKIMWI ni ugonjwa wa mashoga tu, wakati Afrika Mashariki ulikuwa ukienea hasa kati ya wanaume na wanawake. Tanzania iliripoti wagonjwa wake wa kwanza mkoani Kagera mwaka 1983.

Kwa maelezo ya Hutton, Mercury alijulishwa mwaka 1987 kwamba ana maambukizi. Wakati huo hapakuwa na tiba ya kuzuia ugonjwa kwa muda mrefu; dawa za mseto zilienea kuanzia mwaka 1996. Alikuwa ameshafanya onyesho lake la mwisho na Queen huko Knebworth tarehe 9 Agosti 1986, lakini aliendelea kurekodi. Alitoa albamu ya "Barcelona" (1988) pamoja na mwimbaji wa opera Montserrat Caballé wa Hispania, na albamu ya "Innuendo" ya Queen (1991). Magazeti yalipouliza kuhusu kukonda kwake, habari za ugonjwa zilikanushwa.

Tarehe 23 Novemba 1991 ilitolewa taarifa yake ya kuthibitisha kwamba ana UKIMWI. Alifariki kesho yake jioni nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 45, kwa nimonia iliyotokana na ugonjwa huo. Mazishi yaliongozwa na makuhani wa Kizoroasta, na mwili wake ulichomwa London. Majivu alikabidhiwa Mary Austin, na mahali yalipowekwa hapajatangazwa.

Kumbukumbu

Tarehe 20 Aprili 1992 wanamuziki wengi walikusanyika Wembley kwa tamasha la kumkumbuka, na mapato yake yalianzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaosaidia kazi za kupambana na UKIMWI duniani. Sanamu yake ilisimamishwa Montreux, Uswisi, mwaka 1996. Filamu kuhusu maisha yake, "Bohemian Rhapsody", ilitoka mwaka 2018, na Rami Malek aliyemwigiza alipata tuzo ya Oscar.

Zanzibar kumbukumbu yake imekuwa na utata. Mwaka 2004 Baraza la Wawakilishi lilipitisha sheria yenye adhabu ya kifungo kwa mapenzi ya jinsia moja. Mwaka 2006 mgahawa mmoja wa Mji Mkongwe ulipanga sherehe ya ufukweni kuadhimisha miaka 60 tangu azaliwe, lakini ilifutwa baada ya jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho kuipinga, ikisema inaharibu sifa ya visiwa. Hata hivyo watalii waliendelea kuitafuta nyumba inayohusishwa na familia yake huko Shangani, na mwaka 2019 yalifunguliwa humo makumbusho yanayoeleza utoto wake na muziki wake.