Honus Wagner, mutoto wa mine aliyekataa kuwekwa mu paketi ya sigara

Bandugu ba mine, na ninyi ba mama wenye kuvumilia pamoja nasi, leo tunavuka bahari. Tunaenda Marekani, mu jimbo la Pennsylvania, inchi ya makaa ya mawe na ya chuma, kumutafuta mutu aliyeitwa Johannes Peter Wagner. Watu walimwitaka Honus. Alichezaka besiboli, ule muchezo wa fimbo na mupira kidogo mugumu ambao huku kwetu hauzoeleki, na wenye kuujua wengi wanasema pa nafasi yake hakuna aliyemupita mpaka leo. Lakini hatumuchagui juu ya muchezo tu. Tunamuchagua juu ya karte moja yenye sura yake, karatasi ya kuenea ndani ya paketi ya sigara, iliyouzwa mu 2022 kwa dola 7.250.000. Na zaidi tunamuchagua juu ya sababu iliyofanya ile karte ikose ku soko wakati yeye mwenyewe angali anacheza.

Alizaliwaka tarehe 24 mwezi wa pili 1874 ku Chartiers, karibu na Pittsburgh. Nyuma, mu 1894, ule muji uliungana na jirani yake, wakaupa jina la Carnegie, jina la tajiri wa chuma. Bazazi wake, Peter na Katheryn, walitoka Ujerumani. Walizaa watoto tisa, na watano tu njo waliokomaa. Baba alikuwa mutu wa mine ya makaa. Honus alipofika miaka 12 aliacha masomo, akaenda kutumika mu mine pamoja na baba na wakubwa wake. Hatuna lazima ya kuwafasiria ile maisha. Kila mumoja wetu aliyepita ku makarieri ya ba krezeri anajua sura ya mutoto wa miaka 12 mwenye mufuko ku mugongo.

Siku za mapumziko wale vijana wa Carnegie walikuwa wanacheza besiboli, na mu nyumba ya Wagner aliyesifiwa zaidi alikuwa kaka yake Albert. Honus alijifunza pia kazi ya kunyoa nywele, juu kila mutu alikuwa anatafuta namna ya kutoka mu shimo. Mu 1895 Albert alikuwa anacheza mu ekipi ya Steubenville, mu jimbo la Ohio. Ekipi ilipokosa watu, akawaambia wamwite mudogo wake. Wakamupa dola 35 kwa mwezi. Hakurudi tena mu mine. Edward Barrow, aliyemuchukua mu ekipi yake ya Paterson mu 1896, alizoea kusimulia kama alimukuta ku njia ya treni akishindana na wenzake kutupa mawe, na pale pale akaona nguvu ya ule mukono. Barrow alikuwa mutu wa kupenda hadithi, tuiache vile. Mu 1897 Honus alikuwa tayari mu ligi kubwa, ku Louisville, na mu 1900 akarudi karibu na kwao, mu ekipi ya Pirates ya Pittsburgh. Akabaki pale mpaka alipoacha kucheza mu 1917.

Kwa kumutazama, hakuna aliyeweza kumuzania muchezaji. Kifua kipana, miguu ya kupinda, mikono mirefu yenye viganja sawa koleo. Nafasi yake ilikuwa kati ya kituo cha pili na cha tatu, pale mipira ya chini inapita kwa mbio kabisa. Alikuwa anaokota mupira pamoja na udongo na vijiwe, anavitupa vyote kwa mara moja, na mwenzake ku kituo cha kwanza anajilinda macho. Mbio nazo alikuwa nazo. Mu besiboli muna kitu wanaita kuiba kituo: mupinzani anapotupa mupira, wewe unakimbia kituo cha mbele mbele hawajakufikia. Honus alifanya vile mara 723. Mara nane alikuwa wa kwanza mu ligi yake kwa kupiga, na mapigo yake mazuri yote yanapita 3.400. Mu 1903, mu World Series ya kwanza kabisa, ile fainali ya mwaka, Pittsburgh ilishindwa na Boston, naye alicheza vibaya, ikamuuma miaka mingi. Mu 1909 walirudi wakaishinda Detroit ya Ty Cobb, naye Honus akaiba vituo sita mu ile fainali moja.

Sasa tuingie mu kontra, kwa sababu pale njo kuna habari yetu. Zamani zile muchezaji wa besiboli alikuwa amefungwa. Ukisinya na ekipi moja, patro alikuwa na haki ya kukushika kila mwaka mupya, naye njo anasema mushahara. Hukubali? Bakia ku nyumba, hakuna ekipi ingine ya ligi itakayokuchukua. Sendika ya nguvu haikukuwa. Mu 1908, mbele ya musimu kuanza, Honus alitangaza kama amechoka, anaacha mupira, anapumzika. Patro wake, Barney Dreyfuss, alihangaika, na mwisho akamupa dola 10.000 kwa mwaka, mara mbili ya ile alikuwa anapata. Akarudi, na ule mwaka akawa wa kwanza kwa mapigo na kwa kuiba vituo. Sisi tunaona ile ilikuwa greve ya mutu mumoja. Ilifaulu juu alikuwa Wagner. Muchezaji mudogo wa nafasi ya mwisho, kama angejaribu vile, angebaki ku nyumba kweli.

Jina lake pia alijua bei yake. Mu 1905 alisinya kontra na kiwanda cha Hillerich cha Louisville, kinachotengeneza zile fimbo, ili sinyatiri yake ichapwe ku fimbo za kuuza. Wanasema alikuwa muchezaji wa kwanza kufanya vile. Tukumbuke ile sinyatiri, maana miaka ine nyuma yake aliombwa kitu kinachofanana, akakataa.

Mu 1909 kampuni kubwa ya tumbako, American Tobacco Company, ilianza kutia mu paketi za sigara makarte ya wachezaji wenye rangi nzuri. Ilikuwa kampuni iliyomeza karibu zingine zote. Mu 1911 tribinali kuu ya Marekani iliamuru ivunjwe. Makarte yale yalikuwa zaidi ya 500 kwa ginsi mbalimbali, na watoto walikuwa wanasimama ku milango ya maduka, wanaomba kila mwanaume anayetoka na sigara awapatie ile foto. Wachezaji wengi walikubali. Kwa Honus, kampuni ilimutuma muandishi wa gazeti wa Pittsburgh, John Gruber, aombe ruhusa, na ilimuahidi Gruber dola 10 kama ataipata. Honus alijibu kwa barua kama hapendi sura yake iingie mu sigara. Na mu ile barua alitia sheki ya dola 10 za mufuko wake, ili Gruber asipate hasara. Sisi tulipofika pale tulicheka, kisha tukanyamaza. Alilipa yeye mwenyewe ili akatae.

Kampuni ilikuwa imeanza kuichapa karte yake. Ikasimamisha. Zilizotoka zilikuwa kidogo sana, na zinazojulikana leo ni karibu 60 tu.

Kwa nini alikataa? Wengi wanasema hakutaka watoto wanunue sigara juu yake. Wengine wanajibu kama yeye mwenyewe alikuwa anatafuna tumbako na kuvuta sigari, na foto yake ilikwisha kutokea ku mambo ya sigari mbele ya pale, basi alitaka tu alipwe. Watu wanagombana juu ya ile mpaka leo. Kwa mawazo yetu, hizi sababu mbili zinaweza kulala mu nyumba moja. Mutu aliyeingia mu mine na miaka 12 anaweza kuwahurumia watoto, na tena anaweza kuchoka kuona wengine wanauza kitu chake bila kumuuliza bei.

Kuna neno hatuwezi kuruka. Mu miaka yote Honus alicheza, ligi kubwa ilikuwa imewafungia watu weusi mulango, na ulikuja kufunguliwa mu 1947 na Jackie Robinson. Mu yale makarte ya sigara, zaidi ya 500, hautapata hata mweusi mumoja. Mu ligi za weusi kulikuwa muchezaji wa nafasi ile ile, John Henry Lloyd, ambaye watu walimuita Wagner mweusi. Honus alipoulizwa, alionyesha kama kulinganishwa na Lloyd kwake ni heshima. Ilikuwa vizuri. Lakini Lloyd hakupata karte mu paketi, na mushahara kama ule wa ligi kubwa hakuuona.

Ile habari ya kulipwa juu ya sura yako ilingoja miaka karibu 60. Mu 1966 wachezaji walichagua kiongozi wa sendika yao, Marvin Miller, aliyetoka mu sendika ya wafanyakazi wa chuma, ambayo nyumba yake kubwa ilikuwa Pittsburgh, muji ule ule wa Honus. Miller alikuta kampuni ya makarte, Topps, inalipa kila muchezaji dola 125 kwa mwaka. Akawaomba wasisinye tena na wasikubali kupigwa foto. Kampuni ikakosa foto mpya, ikatumia za zamani. Mu 1968 ikakubali dola 250, na juu yake asilimia ya mauzo. Ile feza ya makarte njo ilisaidia sendika kusimama. Honus hakuiona ile siku.

Yeye alioa mu 1916, muke wake Bessie, na binti wao wa kwanza alizaliwa akiwa amekufa. Walipata wengine wawili. Alipoacha kucheza alijaribu biashara ya vitu vya michezo, lakini mu ile miaka ya shida kubwa ya 1930 mambo yalimuharibikia. Mu 1933 Pirates wakamurudisha kama antreneri, akabaki nao mpaka 1951, muzee wa miaka 77. Mu 1936, Nyumba ya Wakubwa ya Cooperstown ilipochagua watu watano wa kwanza, alikuwa ndani, na kura 215 sawasawa na Babe Ruth.

Zile miaka za uzee njo watu walipata mukono wake. Sawa vile vijana wetu wanavyongojea wachezaji wa Mazembe ao Lupopo ku mulango wa stade, kule watoto walikuwa wanaenda na mupira, na kitabu, na karte, muzee anasinya bila shida. Mu 1948 kampuni ya chewing-gum, Leaf, ilitoa karte yake akiwa antreneri: anaonekana anatia tumbako mu shavu! Ndiyo, mutu ule ule. Leaf yenye sinyatiri yake ni kitu wenye kukusanya wanatafuta sana, maana ilitoka yeye angali muzima wa kushika kalamu. Alikufa tarehe 6 mwezi wa 12 wa 1955, ku Carnegie, na miaka 81. Mu ule mwaka, mu mwezi wa ine, walikuwa wamemusimamishia sanamu karibu na stade ya Pittsburgh.

Tangu pale bei ya ile karte ya sigara haikusimama. Mu 1991 moja iliuzwa dola 451.000, na mu 2007 ile ile ikapita milioni 2. Mu 2013 mutu mumoja mukubwa wa minada alikubali mbele ya tribinali kama aliikata pembeni ili ionekane mupya. Kampuni zingine zinanunua sheki na barua za zamani za Honus, zinakata sinyatiri na kuibandika mu karte mpya za kuuza. Ile sisi haitupendezi, lakini wenye kununua wapo.

Aliyeipa ile karte bei ya kwanza alikuwa mufanyakazi, Jefferson Burdick, mutu wa Syracuse aliyetumika mu kiwanda cha vyombo vya umeme, kuunganisha vipande, na maumivu ya mifupa yakimuharibu mikono. Alikusanya makarte ya kila ginsi kwa mushahara wake, akayapangia namba mu kitabu, na ile ya Honus akaiandikia dola 50 wakati zingine zilikuwa za senti. Makarte yake yote na picha zingine, zaidi ya 300.000, aliyatoa bule kwa Metropolitan Museum ya New York. Miaka mingi alikuwa anaenda pale kuyabandika mu albamu kwa ile mikono yake ya ugonjwa. Alimaliza mu mwezi wa kwanza wa 1963, kesho yake akaingia hospitali, na miezi miwili nyuma akafa. Honus wake angali mule.