Shekhar Mehta: Mzaliwa wa Uganda Aliyeitawala Safari

Sisi tuishio Busia na Tororo tumezoea kuyaona magari yakivuka mpaka usiku na mchana, kwani safari ya barabara baina ya Nairobi na Kampala kwa kawaida hupitia kwetu au Malaba jirani. Mashindano ya magari yaliyoanzishwa mwaka 1953 kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili nayo hayakujali mpaka. Yaliziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika, na kuanzia 1960 yakaitwa Safari ya Afrika Mashariki. Katika madereva waliojipatia sifa humo, leo twamkumbuka marehemu Shekhar Mehta.

Mehta alizaliwa Uganda tarehe 20 Juni, 1945, katika jamaa tajiri ya wenye mashamba, ya asili ya Bara Hindi. Alianza kushindana akiwa kijana wa miaka 21, akiendesha BMW. Nyota yake, hata hivyo, iling'aa katika gari la Kijapani.

Gari hilo ni Datsun 240Z, lililotokea mwaka 1969. Lilikuwa la milango miwili na viti viwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4, yenye nguvu za farasi 150 hivi. Watengenezaji wake walikwisha kujifunza mapema kwamba barabara mbaya ndiyo shule ya gari, kwani mwaka 1958 vigari vyao vidogo vilizunguka bara zima la Australia katika mashindano na kushinda katika daraja lao. Mwaka 1971 gari la 240Z lilichukua nafasi ya kwanza na ya pili katika Safari. Edgar Herrmann alikuwa wa kwanza, na Mehta akamfuata.

Mwaka uliofuata msiba ukaingia. Mwezi Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90 tu. Garimoshi zilizowachukua baadhi yao kwenda Mombasa zilipita hapa Tororo, nao wakavuka mpaka wakiwa wameacha nyuma nyumba, maduka na makaburi ya wazee wao. Jamaa ya Mehta nayo ilipoteza makao yake, ikahamia Kenya.

Mtu mwingine angekata tamaa. Mehta hakukata. Pasaka ya 1973, miezi michache tu baada ya mkasa huo, aliingia katika Safari na 240Z yake, akiwa na msaidizi wake Lofty Drews. Mwaka huo Safari ilihesabiwa kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia. Mwishoni, yeye na Harry Källström wa Sweden, naye pia katika Datsun, walikuwa na alama za adhabu sawasawa. Kanuni ilimpa ushindi yule aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu, naye alikuwa Mehta. Aliyefukuzwa kwao akawa bingwa ugenini.

Ushindi wa pili ulichelewa kwa miaka sita. Kampala ilikombolewa tarehe 11 Aprili, 1979, na Pasaka ya siku hizo hizo Mehta akashinda tena. Kisha akashinda 1980, 1981 na 1982, safari hizi nne zote akiwa na Mike Doughty katika magari ya Datsun. Kushinda mara nne mfululizo hakujapata kufanywa na dereva mwingine katika Safari.

Mkewe, Yvonne, naye aliketi kando yake katika mashindano mengi akimwongoza njia. Ajali mbaya huko Misri ilichangia kumaliza siku zake za ushindani. Hata hivyo hakuuacha mchezo, bali alishika wadhifa mkubwa katika shirikisho la kimataifa la magari. Alifariki London tarehe 12 Aprili, 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Twamkumbuka si kwa mwendo wake tu. Nchi moja ilimtupa, jirani yake ikamwokota, na jirani ndiye aliyevuna heshima. Sisi wa mpakani, ambao ndugu zetu wako pande zote mbili, twaelewa hasara ya Uganda ilikuwa kubwa kiasi gani. Mungu amlaze mahali pema.