Shule ya Pili ya Jaramogi

Wanafunzi wetu wa historia wanapoulizwa habari za Jaramogi Oginga Odinga, aghalabu huanzia mwaka 1966, alipojiuzulu wadhifa wa Makamu wa Rais na kwenda kuongoza chama cha upinzani. Hawakosei, maana ndivyo walivyofundishwa. Lakini aanziaye hapo huuona mti uliokwisha kukomaa asijue ulimea katika udongo gani. Kwa maoni yangu, uongozi wa mzee huyu ulilelewa katika miaka kumi hivi ya biashara ndogo ndogo kati ya Maseno na Kisumu, miaka ambayo vitabu vingi vya shule huipitia kwa sentensi moja, na vingine huiruka kabisa.

Alizaliwa yapata mwaka 1911 katika kijiji cha Nyamira Kang'o, huko Sakwa, sehemu ya Bondo. Alisoma Maranda, kisha Maseno, shule iliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1906 karibu na mahali ambapo mstari wa Ikweta hupita. Kutoka hapo alikwenda Alliance, na hatimaye Makerere, alikosomea ualimu. Kwa kijana wa Kiafrika wa siku hizo, hiyo ilikuwa ngazi nzima. Hapakuwa na kidato cha juu zaidi katika Afrika Mashariki. Alirejea Maseno akiwa mwalimu, na baadaye akawekwa kuwa mkuu wa shule ya mifugo iliyokuwa hapo hapo.

Maseno aliyosomea Odinga ilikuwa chini ya Edward Carey Francis, Mwingereza aliyeacha kufundisha hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge ili aje kuwafundisha Waafrika. Walimu wanaosoma makala haya wanalijua jina hilo, kwani baadaye ndiye aliyeiongoza Alliance kwa zaidi ya miaka 20. Alikuwa mtu wa kazi na nidhamu kali, asiyependa upuuzi, na aliyewatakia mema wanafunzi wake kwa dhati. Hata hivyo, wema wa aina ile ulikuja na amri. Mzungu ndiye aliyeamua lipi lenye manufaa kwa Mwafrika, na Mwafrika alitazamiwa kushukuru. Odinga alitoka katika malezi hayo na mambo mawili yasiyopatana: heshima kubwa kwa utaratibu na hesabu, na kutoweza kuvumilia kuamriwa na mtu aliyejiona bora kuliko yeye kwa sababu ya rangi.

Jambo hilo la pili lilidhihirika mapema katika suala la majina. Aliyaweka kando majina yake ya ubatizo, akabaki Oginga, mwana wa Odinga. Tena alitaka watoto wake wabatizwe kwa majina ya Kiluo peke yake, akazozana na kanisa kwa ajili hiyo. Leo hii ni jambo la kawaida. Katika miaka ya 1940 mwalimu wa shule ya misheni aliyefanya hivyo aliihatarisha kazi yake na sifa yake, maana jina la Kizungu lilihesabiwa kuwa ndiyo alama ya kustaarabika.

Hatimaye aliuacha ualimu. Msomaji na atafakari uzito wa uamuzi huo. Mwalimu mwenye elimu ya Makerere alikuwa miongoni mwa watu wachache kabisa katika Nyanza nzima wenye mshahara wa uhakika na nyumba ya heshima. Odinga aliyaacha hayo akaenda kukusanya senti za wanakijiji. Alianza na chama kidogo cha kuweka akiba huko Bondo, na kufikia mwaka 1947 kilikuwa kimekua na kuandikishwa kuwa shirika la Luo Thrift and Trading Corporation, ambalo watu walilifupisha wakaliita LUTATCO.

Sababu zake zilitokana na hali ya Kisumu yenyewe. Reli ilipofika ziwani mwaka 1901, mji ulianza kukua kama bandari, na maduka yakawa mikononi mwa wafanyabiashara wa Kihindi. Mluo aliingia mjini kama kibarua au mnunuzi. Akishauza nguvu zake na kununua sukari na shuka, alirudi kijijini. Odinga aliona kwamba watu waliozoea kuambiwa kuwa hawawezi kuendesha duka wataamini pia wakiambiwa kuwa hawawezi kuendesha nchi. Kwa hiyo duka lilikuwa kwake somo la siasa, ijapokuwa kwa nje lilionekana kuwa suala la faida na hasara tu.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Ilimbidi asafiri kuwatafuta Waluo popote walipokuwa wakihemea riziki, katika reli, bandari na makao ya vibarua, Nairobi, Mombasa, Kampala na kwingineko, akiwaomba wanunue hisa. Walikuwa watu wa mishahara midogo waliokuwa wameona michango mingi ikiliwa. Mtu wa namna hiyo hashawishiki kwa shahada; hutaka kujua fedha yake itakaa wapi, itatunzwa na nani, na itamrudia lini. Odinga alilazimika kujibu maswali hayo mara elfu, kwa subira, kwa lugha ya watu wenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, lakini anayekishika kibaba sharti aaminike. Walimu walio katika vyama vya akiba na mikopo wataelewa bila kuelezwa zaidi.

Tena palikuwa na serikali ya kikoloni, iliyoshika funguo za viwanja na leseni, na ambayo haikufurahia kumwona Mwafrika msomi akiwaunganisha watu nje ya uangalizi wake. Palikuwa pia na udhaifu wa ndani: uhaba wa mtaji, uhaba wa watu waliojua kutunza vitabu vya hesabu, na wanahisa waliotaka faida kabla shina halijatia mizizi. LUTATCO haikupata kuwa shirika tajiri. Hata hivyo ilijenga Ramogi House mjini Kisumu, ikawa na mtambo wa kupiga chapa uliochapisha magazeti ya Waafrika, na wengi waliona kwa mara ya kwanza jengo la mjini ambalo waliweza kusema kuwa tofali moja ndani yake ni lao. Mwaka 1953 Odinga alizuru India, nchi iliyokuwa imejitawala kwa miaka sita tu, akarudi na kuandika kitabu kwa Kiluo kuhusu miezi miwili aliyokaa huko. Kwamba alikiandika kwa Kiluo, ilhali Kiingereza alikijua barabara, ni dalili ya nani aliyemhesabu kuwa msikilizaji wake.

Safari za hisa ndizo zilizomfanya ajulikane kila penye Waluo, na umoja wao, Luo Union, ukamchagua kuwa Ker, yaani kiongozi wake mkuu. Jina la Jaramogi linatokana na Ramogi, babu ambaye masimulizi husema ndiye aliyewaongoza Waluo kuingia nchi hii ya ziwa. Mwaka 1957 aliuacha ukuu huo ili agombee kiti katika Baraza la Kutunga Sheria. Mpinzani wake alikuwa B. A. Ohanga, Mwafrika wa kwanza kuwa waziri katika serikali ya kikoloni. Odinga alishinda. Wapo wanaoushangaa ushindi huo; mimi naona ajabu ingekuwa kushindwa, kwa kuwa alikuwa ametumia miaka kumi kuzungumza na wapiga kura hao mmoja mmoja kuhusu fedha zao.

Mtihani mkubwa ulikuja mwezi wa Juni 1958. Jomo Kenyatta alikuwa bado kifungoni, na kumtaja kwa wema hadharani kulikuwa kama kujichongea. Odinga alisimama barazani akasema kwamba Kenyatta na wenzake waliofungwa bado ndio viongozi wa watu. Wazungu walighadhibika. Lililo chungu zaidi ni kwamba hata baadhi ya wajumbe wenzake wa Kiafrika walijitenga naye. Hakurudi nyuma. Katika muda wa miaka mitatu, kilio cha kutaka Kenyatta afunguliwe kilikuwa cha nchi nzima, na KANU, iliyoshinda uchaguzi wa 1961, ilikataa kuunda serikali angali kizuizini. Mtu aliyezoea kukataliwa mlangoni na kibarua leo, akarudi kesho akapokewa, hakutishwa na baraza lililomzomea siku moja.

Tusimtukuze kupita kiasi. Ugumu ule ule wa shingo uliomtoa Maseno ndio uliomtoa serikalini. Mkutano wa Limuru wa Machi 1966 ulikivunja cheo chake cha makamu katika KANU na kukigawa mara nane. Mwezi uliofuata alijiuzulu, akawa kiongozi wa KPU. Yeye na Bildad Kaggia walikuwa na hoja nzito kuhusu ardhi na hali ya maskini, na serikali iliwabana kwa kila njia. Lakini chama kile kiliishia kuwa na nguvu hasa katika Nyanza ya Waluo, na mtu aliyekuwa amesafiri Afrika Mashariki akitafuta wanahisa alijikuta amezingirwa katika ufuo mmoja wa ziwa. Sidhani lawama yote ni ya wapinzani wake. Kuondoka ni silaha njema kwa mwalimu au mfanyabiashara. Kwa mwanasiasa huwaachia wengine meza yote.

Gharama yake ililipwa na watu wa Kisumu. Tarehe 25 Oktoba 1969, miezi michache baada ya kuuawa kwa Tom Mboya, Rais Kenyatta alikuja kufungua hospitali kuu mpya iliyojengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti, msaada ambao Odinga alikuwa na mkono katika kuupata. Wakubwa hao wawili walirushiana maneno makali mbele ya umati, ghasia zikazuka, na risasi zikapigwa. Watu kadhaa walikufa. KPU ilipigwa marufuku, naye Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971. Mnamo 1982, alipojaribu kuanzisha chama kingine, katiba ilibadilishwa Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria.

Alirudi mwaka 1991 na FORD, akiwa na umri wa miaka 80. Katika uchaguzi wa 1992 alikuwa wa nne katika kinyang'anyiro cha urais, akaingia Bungeni kwa kiti cha Bondo. Mwaka uliofuata alikiri hadharani kupokea shilingi milioni mbili kutoka kwa mfanyabiashara aliyehusishwa na kashfa ya Goldenberg, jambo lililokitikisa chama chake. Kwa mtu aliyejenga jina lake kwa kutunza senti za vibarua, hilo ni doa ambalo mwanafunzi hana haja ya kufichwa. Walakini ni kweli pia kwamba alilisema yeye mwenyewe.

Alifariki dunia mjini Kisumu tarehe 20 Januari 1994, akazikwa nyumbani kwake Bondo. Hospitali ile ya mwaka 1969 sasa inaitwa kwa jina lake, na barabara kuu ya mji vilevile. Kwa upande wa LUTATCO, mwalimu wa historia aliye Bondo, Maseno au Kisumu anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakaulize nyumbani ni nani katika ukoo wao aliyenunua hisa, alinunua ngapi, na alikuwa akifanya kazi gani siku ile Odinga alipobisha hodi.