Jane Austen: Binti wa kasisi aliyekataa posa ya tajiri

MKAZI wa Bukhayo, Busia, amezoea kuona ng'ombe wa mahari wakitoka kwa kina mume kwenda kwa wazazi wa msichana. Ili ayaelewe maisha ya mwandishi Jane Austen, sharti kwanza aigeuze njia hiyo. Katika Uingereza ya karne ya 18, mali ilitarajiwa kutoka kwa kina bibi harusi, na binti wa mtu asiye na kitu alikuwa taabani.

Austen alikuwa binti wa namna hiyo. Alizaliwa Desemba 16, 1775 kijijini Steventon, mtoto wa saba kati ya wanane wa kasisi George Austen. Shangazi yake, Philadelphia, yatima asiye na mali, alikuwa amepanda meli hadi India mwaka 1752 kutafuta mume, na mwaka uliofuata akaolewa huko na tabibu Mwingereza.

Jane hakwenda mbali hivyo. Desemba 1802 aliposwa na Harris Bigg-Wither, mrithi wa mashamba makubwa. Jioni alikubali. Kulipokucha alibatilisha neno lake na kuondoka.

Gharama yake haikuchelewa. Baba alipofariki Januari 1805, Jane, mama na dada yake Cassandra waliishi kwa msaada wa ndugu wa kiume, wakihama nyumba hadi nyumba, mpaka kaka yao Edward alipowapa makao Chawton mwaka 1809. Huko ndiko kalamu ilikochacha. Mwaka 1811 alitoa Sense and Sensibility bila jina lake. Pride and Prejudice, kisa cha mabinti watano ambao nyumba yao itarithiwa na binamu wa kiume, kilitoka 1813; haki zake aliziuza kwa pauni 110 tu.

Alifariki Julai 18, 1817 akiwa na miaka 41, hajaolewa. Jiwe la kaburi lake katika kanisa kuu la Winchester halikutaja riwaya hata moja.

Zaidi ya karne moja na nusu baadaye, visa vyake vilifika India alikokwenda shangazi. Filamu ya Kitamil ya Kandukondain Kandukondain ilitoka 2000. Mwaka 2004 Gurinder Chadha, mzaliwa wa Nairobi, aliihamishia Pride and Prejudice mjini Amritsar katika Bride and Prejudice, na kwa maoni yetu hakulazimika kubadili mengi: mama mwenye pupa ya wakwe, ngoma za harusi, hesabu za mali, vyote vilikuwa vinamngoja huko. Ilifuata Aisha ya 2010, kutoka riwaya ya Emma, na mwaka 2019 mwandishi Soniah Kamal akakipeleka kisa cha Pride and Prejudice Pakistan katika Unmarriageable.

Mposaji anayechekesha, kasisi katika kitabu, Chadha alimfanya Mhindi aliyetajirika Marekani na kurudi nyumbani akijigamba. Mtu huyo hahitaji kuelezwa Busia. Katika kitabu, Elizabeth anamkataa mposaji wake papo hapo, bila kungoja kuche kama aliyemwumba.