Richard Bellman na Hesabu za Maamuzi

Soma kwa makini habari ifuatayo, kisha jibu maswali yanayofuata.

Richard Bellman alizaliwa New York, Marekani, mwezi Agosti 1920. Alisomea hisabati, na wakati wa Vita Kuu ya Pili alifanya kazi Los Alamos, mahali lilipotengenezwa bomu la atomiki. Mwaka 1946 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Princeton.

Baadaye alishughulikia swali moja: mtu mwenye maamuzi mengi yanayofuatana afanyeje ili gharama yote iwe ndogo? Jibu lake, alilolifafanua katika kitabu cha mwaka 1957, ni kupiga hesabu kuanzia mwisho.

Chukua mfano wa lori linalotoka Geita kwenda Shinyanga kupitia Mwanza au Kahama. Tuseme Geita hadi Mwanza ni lita 35 za dizeli, na Geita hadi Kahama ni lita 45. Dereva anayetazama hatua ya kwanza tu atachagua Mwanza. Bellman angeanzia Shinyanga na kurudi nyuma. Tuseme kutoka Mwanza hadi Shinyanga ni lita 50, na kutoka Kahama ni lita 35. Jumla kwa Mwanza ni lita 85, kwa Kahama ni lita 80. Njia iliyoonekana ghali mwanzoni ndiyo nafuu.

Katika mfano huu, kila mji ni hali, na kila safari ni tukio linalobadili hali. Mfumo wenye hali chache zinazohesabika huitwa otomata. Ndivyo ilivyo lifti ya mgodini: iko juu, inashuka, iko chini au inapanda, na kila tukio huihamisha kutoka hali moja hadi nyingine. Kwa njia ya Bellman, wahandisi huchagua amri zinazoufikisha mfumo kwenye lengo kwa gharama ndogo.

Mwaka 1973 Bellman alipasuliwa uvimbe kwenye ubongo, akabaki na ulemavu mkubwa. Hata hivyo hakuacha kazi. Aliendelea kuandika na kuchapisha makala nyingi. Alifariki tarehe 19 Machi 1984.

Maswali
(a) Kwa nini dereva anayetazama hatua ya kwanza tu hupata hasara?
(b) Taja hali nne za lifti ya mgodini.
(c) Ikiwa Kahama hadi Shinyanga ingekuwa lita 42, njia ipi ingekuwa nafuu? Onesha hesabu.
(d) Unajifunza nini kutokana na maisha ya Bellman baada ya mwaka 1973?