Sultani Salahuddin na Kufunguliwa kwa Baitul-Mukaddas

Salahuddin Yusuf bin Ayyub, Mkurdi kwa asili, alizaliwa Tikrit, nchi ya Iraki, mwaka wa 532 wa Hijra. Katika ujana wake alifuatana na ami yake Shirkuh kwenda vita vya Misri, kwa amri ya Nuruddin, mfalme wa Sham. Shirkuh alipofariki mwaka wa 1169, uwaziri wa Misri ukawa wake. Nuruddin naye akafa mwaka wa 1174, na Salahuddin akaingia Damascus, akashika kazi ya kuzikusanya Misri na Sham chini ya amri moja. Kwani udhaifu wa Waislamu zama zile haukuwa uchache wa watu, bali ni kufarikiana kwa wakubwa wao.

Wafaranji walikuwa wameuteka Baitul-Mukaddas mwaka wa 1099, wakachinja wanaume, wanawake na watoto. Baada ya miaka 88, mwezi wa Julai 1187, Salahuddin alilivunja jeshi lao huko Hittin, kisha akauzunguka mji. Alikuwa ameazimia kuuingia kwa upanga, kama walivyoingia wao.

Ndipo akatoka Balian, mkuu wa waliomo, kutaka amani. Alipokataliwa, alitoa onyo: wakikata tamaa watawaua mateka Waislamu waliomo kwa maelfu, watabomoa Kubba ya Sakhra na Msikiti wa Aqsa, kisha watatoka wapigane hata wa mwisho. Salahuddin akashauriana na wenziwe. Wakaona wenyeji wahisabiwe kuwa mateka, nao wajikomboe: mwanamume kwa dinari 10, mwanamke kwa dinari 5.

Siku ya Ijumaa, 27 Rajab 583, mji ukafunguliwa, wala damu haikumwagwa. Nduguye Al-Adil aliomba maskini 1,000 wasio na fidia, akawaacha huru. Sultani mwenyewe akawaachia wazee. Walakini maelfu wengine waliokosa mali walitiwa utumwani, na haki ya tarikh ni kulitaja hilo pia.

Alifariki Damascus, 27 Safar 589, mwezi wa Machi 1193. Hazina yake ilipofunguliwa, haikukutwa ila dinari moja na dirhamu 47.

Basi mwenye akili na azingatie. Kisasi kilikuwa mkononi mwake, na watu wake wangemsifu kwacho. Naye akasikiliza shauri, akaizuia ghadhabu yake. Jina lake likatukuzwa hata na waliokuwa maadui zake. Mwenyezi Mungu amrehemu.