Mfalme Moshoeshoe na Baraza la Wasotho

Tangu muhula uliopita nilipopewa kazi ya kuongoza mikutano ya chama chetu cha midahalo, nimekuwa nikitafuta vitabuni habari za watu waliojua kukusanya watu na kuwaongoza katika shauri. Wengi niliowakuta walisifika kwa kunena. Mmoja alisifika kwa kusikiliza, naye ndiye ninayetaka kuwasimulia habari zake hapa. Jina lake ni Moshoeshoe, mwanzilishi wa taifa la Wasotho, ambao nchi yao leo yaitwa Lesotho. Jina hilo hutamkwa Moshweshwe.

Alizaliwa mnamo mwaka 1786 hivi, mahali paitwapo Menkhoaneng, kaskazini mwa Lesotho ya leo. Baba yake, Mokhachane, alikuwa mkuu wa kijiji tu, wala hapana mtu aliyedhani kwamba mwanawe atatawala nchi nzima. Utotoni aliitwa Lepoqo. Alipokuwa kijana aliteka ng'ombe za jirani mmoja kwa werevu mwingi, kisha akajisifu kwamba amemnyoa mtu huyo ndevu. Jina Moshoeshoe ni mlio wa wembe unaponyoa. Basi mtu huyu aliyekuja kujulikana kwa amani alipata jina lake kwa unyang'anyi wa ng'ombe! Husimuliwa pia kwamba alikuwa mwenye hasira kali, na kwamba mzee mmoja mwenye hekima, Mohlomi, alimfundisha kuwatendea maskini kwa wema na kupenda amani kuliko vita.

Mafundisho hayo yalijaribiwa upesi. Katika miaka ya 1820 vita vilienea kusini mwa Afrika, makabila yakakimbia huku na huko, mashamba yakaachwa, na njaa ikawa kali hata watu wengine wakaanza kula watu. Katika majira ya baridi ya mwaka 1824 Moshoeshoe aliwahamisha watu wake kutoka Butha-Buthe mpaka mlima wa Thaba Bosiu, ambao uko karibu kilomita 24 kutoka Maseru. Mlima huo juu ni tambarare, una chemchemi za maji, na pande zake ni majabali yenye njia chache tu za kupandia. Njiani babu yake, mzee Peete, alikamatwa na wala watu, akaliwa.

Walaji hao walipopatikana baadaye, watu walitaka wauawe. Moshoeshoe alikataa. Aliwaambia watu wake kwamba miili ya walaji wale ndiyo kaburi la babu yake, wala haifai mtu kulivunja kaburi la mzee wake. Akawafanyia mila ya kuwatakasa, akawapa mahali pa kukaa na ng'ombe wa kuanzia maisha. Mimi niliposoma habari hii mara ya kwanza nilidhani ni hadithi ya kupendeza tu. Baadaye nikaona kwamba ilikuwa na hesabu ndani yake: mtu aliyeliwa hawezi kurudi, lakini mtu aliyesamehewa aweza kulima na kulinda mlima. Wakimbizi wengi walimjia kwa sababu ya sifa hiyo. Wasio na mali aliwakopesha ng'ombe. Walikunywa maziwa yake, ng'ombe akabaki kuwa wa mfalme. Desturi hiyo Wasotho waliiita mafisa. Mwaka 1831 Wandebele walipoupigania mlima wakashindwa, aliwapelekea ng'ombe wa kula njiani warudipo kwao.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Watu waliokusanyika Thaba Bosiu hawakuwa kabila moja. Walikuja na wakuu wao, na mila zao, na chuki zao za zamani. Tena siku zile mtu asiyeridhika na mkuu wake aliweza kufunga mizigo yake, akaswaga mifugo yake, akaenda kwa mkuu mwingine. Mfalme asiyesikiliza angeamka asubuhi akakuta vibanda vitupu. Wasotho wana methali isemayo kwamba mfalme ni mfalme kwa sababu ya watu. Wengi huisema kama pambo la hotuba. Kwa Moshoeshoe ilikuwa kweli ya kila siku.

Kila siku aliketi uwanjani, mahali wanapoketi wanaume, akisikiliza mashauri ya watu. Lakini jambo lilipokuwa kubwa, kama vile vita, mapatano na wageni au sheria mpya, aliita pitso, yaani baraza la watu wote. Mmisionari Mfaransa, Eugène Casalis, aliyefika kwake mwaka 1833 pamoja na wenzake wawili akakaa nchini zaidi ya miaka 20, aliyaona mabaraza haya kwa macho yake, akayaandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1859.

Kazi ya pitso ilianza kabla ya siku yenyewe. Kwanza mfalme alilizungumza jambo faraghani na ndugu zake na washauri, apate kujua lina pande ngapi. Kisha wajumbe walipelekwa vijijini. Siku ilipofika watu walikuja kutoka mbali, wakaketi chini kumzunguka mfalme. Yeye alisimama akalieleza jambo lililowaleta, akaketi. Ndipo watu wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine, na mtu wa kawaida aliweza kumpinga mkuu, hata kumlaumu mfalme mwenyewe usoni pake kwa maneno makali. Methali yao nyingine yafundisha kwamba mtu hashitakiwi kwa neno alilolisema barazani. Mfalme alinyamaza muda wote huo. Mwisho kabisa alisimama tena, akayajibu yale yaliyosemwa, akatoa shauri lake.

Huko kunena mwisho ndiko ninakokutafakari sana. Sisi tuliowahi kuketi katika mikutano ambayo uamuzi wake ulikwisha fanywa tangu jana twajua jinsi inavyochosha: mkubwa asema kwanza, na waliobaki wapiga makofi. Mkubwa akisha kusema, ni nani atakayesimama kumpinga? Moshoeshoe alijua hivyo. Wala sisemi kwamba alifuata kila neno la kila mtu. Alikuwa na akili nyingi na mara nyingi alipata alilolitaka. Lakini alilipata baada ya kujua ni nani asiyeridhika, na kwa nini.

Mtu aweza kuuliza kama mabaraza hayo yalikuwa na faida kweli, au ni maneno tu. Na tutazame yaliyotokea baraza lilipopitwa kando. Mwaka 1849 Meja Warden, mtawala Mwingereza aliyekuwa Bloemfontein, alichora mpaka uliowanyima Wasotho sehemu kubwa ya mashamba yao. Moshoeshoe alisongwa sana mpaka akatia alama yake katika karatasi. Watu wengi walichukia, hata wakuu waliokuwa chini yake, kwa maana ardhi ilikuwa yao na wao hawakukubali. Karatasi ile haikuleta amani. Mwaka 1851 vita vikatokea, na jeshi la Warden likashindwa huko Viervoet.

Mwaka uliofuata Gavana Cathcart alikuja mwenyewe na jeshi kubwa zaidi, akadai ng'ombe 10,000 na farasi 1,000 katika muda wa siku tatu. Moshoeshoe alileta ng'ombe 3,500 tu. Naona hapa paonekana namna utawala wake ulivyokuwa: aliwatawala watu kwa kuwashawishi, na kuwashawishi watu watoe mifugo yao hakuwezi kwisha kwa siku tatu. Tarehe 20 Desemba 1852 majeshi yalipigana kwenye nyanda za Berea, Waingereza wakarudishwa nyuma. Usiku uleule Moshoeshoe, ingawa hakushindwa, aliandikisha barua ya kuomba amani, akimwachia Gavana nafasi ya kuondoka bila aibu. Gavana akaipokea, akaondoka.

Baada ya hapo alitoa sheria zake zilizoandikwa. Ya mwaka 1854 iliwakataza wafanya biashara kuuza pombe kali ya kizungu katika nchi yake. Ya mwaka 1855 ilikataza kumwua mtu kwa kumdhania mchawi. Mwaka 1862 wajumbe wa serikali ya Kiingereza walipomjia kuzungumza habari za ulinzi, aliwaeleza kwamba atakubali kuwa chini ya Malkia, ila kama Gavana ataka kuleta sheria mpya, sheria hizo ziwekwe kwanza mbele ya baraza la Wasotho. Zikikubaliwa, ndipo atakapompelekea Gavana habari kwamba zimekuwa sheria. Hebu fikirini, mzee wa miaka zaidi ya 70, adui wamzunguka, ahitaji ulinzi sana, na bado aweka sharti hilo!

Nisimsifu kupita kiasi. Pitso ilikuwa ya wanaume wazima. Wanawake waliolima mashamba hayo yaliyogombewa hawakuwa na sauti uwanjani, na dada zetu wa hapa shuleni wakisoma habari hii wataona upungufu huo mara moja, nao watakuwa na haki. Tena mfalme alipozeeka, wanawe wakubwa, Letsie, Molapo na Masopha, kila mmoja alishika njia yake, na baraza la baba yao halikutosha kuwaunganisha.

Vita vya mwisho na Makaburu wa Orange Free State vilianza mwaka 1865. Mwezi wa Agosti mwaka huo waliushambulia mlima. Kamanda wao Louw Wepener aliuawa njiani akipanda, na mlima haukutekwa. Lakini mashamba ya chini yalichomwa na mifugo ikachukuliwa. Mwaka 1866 Molapo alifanya mapatano yake peke yake na Makaburu. Njaa ikawashika watu. Moshoeshoe, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiomba ulinzi wa Waingereza, aliomba tena, na tarehe 12 Machi 1868 Gavana Wodehouse alitangaza kwamba Wasotho ni raia wa Malkia. Sehemu kubwa ya ardhi nzuri iliyo magharibi ya mto Caledon haikurudi tena. Wasotho wengine humlaumu kwa hilo hata leo. Mwalimu wetu wa historia alituuliza darasani kama ilikuwa ushindi au hasara, tukabishana mpaka kengele ikalia. Mimi nasimama upande wa wale wasemao kwamba asingalifanya hivyo, pasingalibaki Wasotho wa kumlaumu.

Moshoeshoe alifariki Thaba Bosiu tarehe 11 Machi 1870, akazikwa juu ya mlima huo. Nchi yake ilipata uhuru tarehe 4 Oktoba 1966. Neno pitso lingali likitumika huko kwa mkutano wa hadhara, na siku zetu hizi wanawake nao huketi humo na kusema.